Nataka kujifunza kuendesha ngalawa kwa tanga, simu itanisaidia kiasi gani?

Kijana_wa_Mikunguni
Assalaam alaykum wanajukwaa. Mie nafanya kazi ya kompyuta hapa mjini Unguja. Tangu meli ya mizigo Pyxis Ocean ilipoondoka Uchina kwenda Brazil mwaka 2023 ikiwa na matanga mawili magumu, kila moja mita 37.5 kwenda juu, nafuatilia kila habari ya vyombo vinavyorudi kwenye upepo. Kazini tunabishana sana. Wenzangu wanasema ni maonyesho tu, mie naona ni jambo kubwa. Upepo ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Ghuba mpaka bandarini kwetu wakati wa kaskazi na kuyarudisha kwa kusi, na haujawahi kumtoza mtu pesa ya mafuta. Sasa nataka nilishike tanga la kwetu kwa mkono wangu.

Ninunue ngalawa au nitafute wa kunifundisha? Kuna mtu wa Mkokotoni anauza yake, na pesa ninazo. Nianze mwezi gani? Na je, GPS ya simu pamoja na Windy, programu ya utabiri wa upepo, vinatosha kunivusha Forodhani mpaka kisiwa cha Changuu? Mke wangu ana hofu, na hofu yake naiheshimu.

Mtumbatu_Asili
Waalaykum salaam mdogo wangu. Usinunue sasa. Hujakijua chombo, hutaona palipooza. Maji ya mvua yanatuama kwenye banduru, pale chini kabisa ndani ya chombo, mti wa mwembe unalainika kwa ndani, nje kumepakwa rangi mpya inang'aa. Mtafute mvuvi, mwombe uwe baharia wake, na kazi yako ya mwanzo iwe kufua maji, yaani kuyatoa chomboni. Ukiwa umekaa chini umeshika upo, kata ya kufulia maji, unaona kila kamba inavyofanya kazi. Siku akikuamini atakupa demani, kamba ya kukazia na kulegeza tanga.

Hiyo demani ndiyo roho yako, usiifunge hata mkono ukichoka. Upepo ukija kwa ghafla unailegeza, tanga linapigapiga, chombo kinatulia. Ukiwa umeipiga fundo, mrengu, ule ubao wa pembeni unaokizuia chombo kisipinduke, unazama upande wa chini, na hapo kisu cha kuikata kamba hukipati. Kazi nyingine ni kugeuza. Upepo unauweka nyuma, foromali, mti unaofungiwa tanga, inazungushwa mbele ya mlingoti, na kwa kitambo hicho tanga halina anayelishika sawasawa. Mwenzako aliye juu ya mrengu lazima ahamie upande wa pili wakati uleule, si kabla wala baada. Hilo mnafundishana mkiwa chomboni, kwenye video hulipati.

Anza tanga mbili, Oktoba na Novemba, wakati kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Juni na Julai usithubutu. MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe Julai 2012, nayo ilikuwa meli ya injini.

Binti_wa_Mkoani
Kaka, mie nijibu la simu. GPS haihitaji bando, inapokea ishara za satelaiti moja kwa moja. Kinachohitaji intaneti ni ramani, kwa hiyo ipakue ukiwa nyumbani. Windy nayo haipimi upepo, inakuonyesha hesabu za vituo vya utabiri. Hesabu za kituo cha Ulaya, ECMWF, zinaigawa dunia kwa miraba ya kilomita 9 hivi. Forodhani mpaka Changuu haifiki kilomita 6, kwa hiyo safari yako yote inaweza kumezwa na mraba mmoja! Umande, yaani upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, na upepo unaogeuka mchana humo hauonekani vizuri. Iangalie usiku wa kuamkia safari, pamoja na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, ikusaidie kuamua kutotoka. Ukishatoka, msikilize nahodha.

Usisahau maji. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari kwetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Ukichelewa kurudi unakuta mchanga mtupu pale ulipoondokea.

Fundi_Darajani
Nunua iPhone 14 au ya baadaye, ina SOS ya satelaiti, ya kuomba msaada pasipo na mtandao, utakuwa salama.

Binti_wa_Mkoani
Fundi, tafadhali usimpe mtu tegemeo hilo. Huduma hiyo imefunguliwa kwa nchi chache na Tanzania haimo. Halafu skrini iliyolowa maji ya chumvi haisikii kidole. Simu ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mkewe ajue wanatoka saa ngapi na watarudi saa ngapi. Wakichelewa, awapigie KMKM, kikosi cha ulinzi wa bahari cha Zanzibar, mapema bila kuona haya.

Mpwani_Nungwi
Nakubaliana na Mtumbatu, ila ndoto ya chombo chako usiizike. Ukishaiva njoo huku kwa mafundi, uchongewe cha kimo chako. Na kwa kuwa unapenda habari za teknolojia, isome ile ya FlipFlopi, jahazi la plastiki chakavu lililojengwa Lamu likaja mpaka Unguja kwa tanga mwaka 2019. Mafundi walikuwa walewale wa majahazi ya mbao.

Kijana_wa_Mikunguni
Nimewaelewa, Mungu awajaze kheri. Mkokotoni nitakwenda, ila nimwombe yule bwana anifundishe kwanza. Nimlipe vipi?

Mtumbatu_Asili
Muulize siku moja ya uvuvi humpatia nini, umfidie hiyo, maana ukiwa chomboni atavua kidogo. Jaketi la kuokolea maisha nunua mawili, lako na lake. Wavuvi wengi hawana.