Wakuu naomba msaada: ndoo 9 za asali, nitumie mkia mmoja au miwili?

GhalaTabora: Habari za jioni wakuu. Nipo Tabora mjini, nanunua asali kwa ndoo za lita 20 nawapelekea watu wa Dar. Tulipatana na muuzaji wastani wa kilo 28 kwa ndoo, maana lita moja ya asali nzuri inakaribia kilo 1.4. Mzigo umefika ndoo 180, nikaona kama nyepesi, nikapima 9: wastani 27.4, standadi diviesheni (kipimo cha jinsi ndoo zinavyotofautiana na wastani) 0.9. H0 yangu, yaani dai ninalolijaribu, ni kwamba wastani wa mzigo wote ni 28. 0.9 gawa kwa mzizi wa 9 ni 0.3, halafu 27.4 toa 28 gawa kwa hiyo 0.3, t inatoka -2.0. Sasa jedwali la t, digrii za uhuru 8 (ndoo 9 toa 1), asilimia 5 (nafasi ya kuikataa H0 wakati ni kweli): mkia mmoja (naangalia kupungua tu) mpaka wa t ni 1.860, H0 inakataliwa; mikia miwili (kupungua au kuzidi) ni 2.306, haikataliwi. Nitumie upi? Usiku wa pili huu silali.

MamaMadebe: Pole mdogo wangu. Mzigo unapimwa ukiwa bado kwenye gari, ukishashusha umeshakuwa wako. Mimi niliwahi kuletewa madebe, juu asali safi, chini nikizamisha mti unatoka na sukari, mpaka leo nikisikia harufu ya asali ya moto tumbo linavuruga.

MrinaSikonge: Umetoa uzito wa ndoo tupu? Alafu asali ikirinwa mapema kabla nyuki hawajaziba masega inakuwa na maji mengi, ni nyepesi na hakuna aliyekuibia.

MwlTakwimu: Mkia unachaguliwa kabla ya kupima, ukishaiona t umechelewa. Kabla hujagusa mzani swali lako lilikuwa nini? Na hizo 9 ulizipataje?

GhalaTabora: Ndoo tupu nimetoa mwalimu. Swali lilikuwa kama zimepungua, zikizidi mimi sina shida. Hizo 9 nilichukua tu.

MwlTakwimu: Ulichukua tu vipi? Na kwa nini 9?

GhalaTabora: Sawa niseme ukweli. Nilipima 12. Tatu zilikuwa zimejaa mpaka zinagusa mfuniko, nikaona hizo alijaza za kuzugia, nikaziweka pembeni. Mtu yeyote angefanya hivyo. Na barua ya madai nimeshaandika, kesho naipeleka kwa mtendaji wa kata. Muuzaji ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu.

MzeeWaUyui: Kijana, shemeji humpeleki kwa mtendaji kabla ya kukaa nae kwenye mkeka. Mwite, mpime wote, mama watoto akiwepo.

Kijiweni: Wakuu hii chai. Mzizi wa 9 ni 3, 0.9 kwa 3 ni 0.3, t -2 kamili, tena inaangukia katikati ya 1.860 na 2.306? Asali ya wapi inakuja na namba za hivyo. Huyu ana asaimenti ya chuo anataka tumfanyie.

MamaMadebe: Hata mimi nimeanza kushangaa, na huruma yangu yote ile.

GhalaTabora: Naapa si chai, nilikadiria tu. Daftari hili hapa: 26.2, 26.4, 26.8, 26.9, 27.3, 27.7, 28.0, 28.5, 28.8. Diviesheni kamili ni 0.914, t -1.97. Tatu nilizotoa: 28.6, 29.1, 29.3.

MwlTakwimu: Ahsante, hapo tunaongea. Zote 12 wastani ni 27.8, diviesheni 1.07, t ni -0.64 hivi, mpaka wa mkia mmoja kwa digrii 11 ni 1.796. Hufiki hata nusu. Ndoo tatu ulizotoa ndio zilikuwa zinambeba shemeji yako. Ila hii haimaanishi mzigo uko sawa: kwa uhakika wa asilimia 95 wastani wake unaweza kuwa popote kati ya 27.1 na 28.5. Ndoo 12 hazitoshi kukwambia.

Kijiweni: Basi mkuu samahani. Hilo jedwali lenyewe lilizaliwa kiwandani, William Gosset wa bia ya Guinness kule Dublin aliandika 1908 kwa jina la Student, shida yake ilikuwa sampuli ndogo kama yako.

GhalaTabora: Lakini zile tatu kweli zimejazwa kupita kiasi.

MrinaSikonge: Na ni za kwako, umezinunua.

MwlTakwimu: Barua iache. Andika namba kwenye ndoo zote, chagua 30 kwa kura, pima zote na usitoe hata moja. Mkia mmoja, asilimia 5, mpaka 1.699, yaandike leo kabla ya mzani.

GhalaTabora: Sawa. Shemeji nimempigia, atakuja saa 2 asubuhi tupime pamoja. Barua bado ipo kwenye droo. Mwanangu anaandika vikaratasi vya kura 1 mpaka 180, sasa hivi amefika 64.