Nimeuziwa reli za treni ndogo zisizolingana, na muuzaji anasema "reli ni reli"

Wadau, nimevumilia wiki tatu na leo nimechoka. Kama upo hapa Nairobi na unapanga kununua reli za treni ndogo ya mezani, soma haya kabla hujatuma pesa yako.

Mimi nimezaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli. Marehemu baba alikuwa mkaguzi wa njia. Tangu utotoni nilijiambia siku moja nitakuwa na njia yangu nyumbani. Mwaka huu hatimaye nikanunua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, fundi akaiwekea miguu, na binti yangu wa miaka 11 akachora kwa penseli stesheni itakapokaa. Ikabaki reli tu.

Nikaenda kwa muuzaji mmoja mjini, jina lake silitaji. Nilimweleza polepole na nikamwandikia kwenye karatasi: nataka HO, yaani kipimo cha 1 kwa 87, milimita 16.5 kati ya reli na reli. Nataka ziwe za nikeli silva. Nataka zote ziwe za kimo kimoja. Na kona ziwe za nusu kipenyo cha milimita 505, kwa sababu kichwa changu cha treni ni dizeli ya ekseli 6 na mabehewa yangu ni marefu. Ubao wangu una upana wa milimita 1,220, kwa hiyo kona hizo zinaingia na nafasi inabaki. Akaitazama karatasi, akanirudishia. "Mzee, usijisumbue na hesabu. Reli ni reli, zote zinaingiana." Nikalipa Sh18,500.

Wengine mtauliza kwa nini sikutafuta mfano wa reli ya mita, ile ya zamani yenye upana wa mita moja aliyoikagua baba. Nilitamani sana. Lakini milimita 1,000 ukizigawa kwa 87 unapata kama 11.5, na wenye kuitengeneza hutumia njia ya milimita 12. Kuipata hapa ni shida, na bei yake siiwezi. Hii ya 16.5 ukiizidisha kwa 87 unafika 1,435, ambao ndio upana wa SGR. Basi nikasema nitajenga SGR, na ile ya baba nitaendelea kwenda kuitazama pale makumbusho ya reli.

Sasa sikilizeni nilicholetewa.

Tulipofunga duara la kwanza, kichwa kilikuwa kikifika kwenye kiungo kimoja kinaruka. Kila mzunguko, pale pale. Binti akadhani ni gurudumu. Nikapitisha ukucha juu ya reli, taratibu, na pale kwenye kiungo ukucha ukagonga. Kuna ngazi! Kipande kimoja ni Code 100, cha pili ni Code 83. Kwa asiyejua, namba hiyo ni kimo cha reli kwa elfu za inchi: ya 100 ina milimita 2.54, ya 83 ina 2.1. Tofauti yake ni karibu nusu milimita. Utaona ni kidogo, lakini ukingo wa gurudumu la HO lenyewe mara nyingi haufiki milimita moja. Ukilipandisha ngazi ya namna hiyo, litaacha reli tu. Vipo viungio maalumu vya kuunganisha vimo viwili tofauti, na kama angenieleza ningevinunua. Hakunieleza. Alichofanya ni kubana kiungo cha kawaida kwa koleo hadi kikapasuka.

Halafu kutu. Ubao wangu unakaa kwenye veranda niliyoiziba kwa vioo. Mvua za Aprili zilipoanza, treni ikawa inakwenda inasimama, inakwenda inasimama. Nikapangusa reli kwa kitambaa cheupe na kikatoka rangi ya chai. Nikachukua sumaku ya mlango wa friji nikaisogeza kwenye reli, ikanasa papo hapo. Nikeli silva hainaswi na sumaku, wadau. Ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, na pamoja na jina lake haina hata chembe ya fedha. Nilichouziwa ni chuma cha kawaida, na treni hii inakula umeme wa volti 12 kupitia hizo hizo reli. Kutu ikishaingia, umeme haupiti. Vipande 14 kati ya 36 vilinasa. Nimevihesabu na binti, tukavitenga kwenye ndoo.

Lililonikera kuliko yote ni vipande viwili vyenye vidoto vya chuma katikati ya mataruma. Huo ni mtindo wa Märklin, kampuni ya Kijerumani ya treni ndogo. Si mbaya hata kidogo kwa mwenye treni zake, kwani umeme unapita kwenye vidoto, na reli zote mbili zimeunganishwa pamoja chini. Lakini treni yangu ni ya reli mbili, moja chanya na nyingine hasi. Ukiweka kipande cha hivyo kwenye duara langu umeshakutanisha chanya na hasi. Transfoma ilizima mara tatu, na mara ya tatu ikanukia moto. Mtoto alikuwa ameshika waya! Volti 12 hazimdhuru, lakini kile kitambo kifupi sikujua chochote, niliona tu moshi na mkono wa mwanangu.

Kona nazo ni za milimita 371. Hakuna haja ya kuendelea.

Nimempigia. Nimemtumia picha za sumaku. Tiki mbili za bluu, kimya. Jana akajibu kwamba eti nimeharibu bidhaa kwa kuiweka kwenye unyevu, na kwamba "hakuna mteja mwingine aliyelalamika". Bwana wee, wateja wengine ni watoto wanaoanza, wanadhani treni ikianguka kosa ni lao! Wanairudisha kwenye sanduku na hawaigusi tena. Hilo ndilo linaloniuma.

Unayeuza, andika kwenye pakiti kimo cha reli, aina ya chuma na nusu kipenyo cha kona. Maneno matatu tu. Na unayenunua, nenda na sumaku mfukoni, pitisha ukucha kwenye kila kiungo kabla hujalipa, na ukiona vidoto katikati na treni yako ni ya reli mbili, viache dukani.

Mwenye Code 100 za nikeli silva, kona za 505, anitumie ujumbe humu humu. Nahitaji 16. Zile za ndoo narudisha Jumamosi asubuhi, pamoja na karatasi yangu yenye mwandiko wangu, na siondoki dukani bila pesa yangu.