Wenye baiskeli Dodoma tupeane uzoefu: uzito na aina ya fremu vina umuhimu kweli au tunapigwa hela tu?

Mbukwenyi wadau. Mimi nilikuwa na Phoenix ya marehemu babu, nikaipeleka kwa jamaa anayenunua alizeti tukaitundika kwenye mizani yake, kilo 21. Mwaka jana nikajichanga nikanunua ya mtumba ya gia, fremu aluminiamu, mizani ileile ikasoma 13 na nusu. Nikajiona mfalme. Sasa naishi Makulu, kazini ni kule eneo la Mtumba, asubuhi nakwenda mashariki na huu upepo wa mwezi wa saba si mnaujua unavyopiga usoni, basi wiki ya kwanza nikashangaa nafika muda uleule tu!! Jioni narudi upepo uko mgongoni hata ile ya babu ilikuwa inapaa. Nilipoona tofauti ni kupanda kilima cha UDOM, pale chuo kikuu, hapo kweli nilihema kidogo. Hebu semeni nanyi, nimeliwa?

Gololi26: Hujaliwa mkuu ila hesabu yako ilikosea mahali. Kilimani hupandishi baiskeli peke yake, unajipandisha na wewe. Kama una kilo 68, jumla ilikuwa 89 sasa ni 81 na nusu, umepunguza asilimia 8 hivi basi. Kilima cha dakika 20 utaokoa dakika moja na ushee. Kwenye tambarare adui ni upepo, na upepo hauulizi fremu ya nini, unauliza umekaa wima kama mchungaji au umeinama. Mimi nilishusha usukani tu nikaona maajabu.

Dumu_Nne: Mnanichekesha nyie. Nauza maji huku Nkuhungu, nabeba madumu 4 ya lita 20, hizo ni kilo 80 hujaweka keria wala mimi mwenyewe. Baiskeli iwe kilo 20 iwe 13 nitajulia wapi? Kuna kijana alikuja na hiyo aluminiamu yenu anajidai nyepesi, miezi miwili fremu ikapasuka pale karibu na pedeli, akazunguka mafundi wote wa kuchomelea hakuna aliyeigusa. Yangu ya chuma imechomelewa mara 3 na bado inakula mzigo.

Fundi wa Majengo: Hapo Dumu umesema kweli ila tusiionee aluminiamu. Chuma fundi yeyote wa mageti anakuchomelea, aluminiamu inataka mashine ya gesi ya agoni na mtu anayeijua, na hata akiiweza pale palipopata moto panabaki palegevu. Nyepesi ni nyepesi, kipande cha ukubwa uleule uzito wake kama theluthi ya chuma, lakini nayo inanepa kirahisi ndo maana wanaitengeneza kwa mabomba manene, mteja anaona bomba nene anadhani ni imara kuliko Phoenix, halafu anafunga gunia la mkaa. Usipakie! Na mkienda kununua mtumba bebeni sumaku, ikinata ni chuma hata kama imeandikwa maneno matamu. Siku hizi kuna stika nyingi kuliko baiskeli.

Mama Alizeti: Shikamooni kaka zangu. Mimi mwanamke, nyumba yetu Ilazo ni ghorofani, kila jioni napandisha baiskeli ngazi. Uzito upo jamani, msitubishie wenye mabega madogo 😅

Dumu_Nne: Marahaba dada, wewe nimekuelewa.

Kolo_Express: Mi nilipata ya kaboni, zile nyuzi zinazogandishwa kwa gundi, mzungu mmoja alikuwa anaondoka nchini akaniachia kwa bei ya kutupa. Kilo 8 na kitu, naishika kwa vidole viwili. Raha yake barabara ya Kondoa usipime, kwenye milima unajisikia kijana. Ila nilianguka nayo siku moja kwenye mchanga, kwa nje mkwaruzo tu, tangu hapo silali, chuma kikipinda unakiona, kaboni inaweza kuwa imepasuka ndani na wewe unajua imepona. Huwa naigonga kwa shilingi mia nisikilize kama sauti imebadilika. Mke wangu anadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Halafu hata wale wa mashindano makubwa Ulaya hawaruhusiwi baiskeli ya chini ya kilo 6.8, sasa sisi tunashindana na nani?

Gololi26: Na mbigili je Kolo? Tairi zako si nyembamba kama kamba ya viatu?

Kolo_Express: Acha tu mkuu. Juzi Veyula nimetoa miiba 5 kwenye tairi moja, na pampu nilikuwa nimeiacha nyumbani ili nipunguze uzito.

Hahahaaa. Basi ya gia nabaki nayo, ila ya babu siuzi, wiki ijayo nina gunia la mahindi la kupeleka mashineni. Fundi, sumaku nimeweka kwenye spoku zangu zimenata, hiyo ni kawaida?

Fundi wa Majengo: Kawaida, spoku nyingi ni za chuma. Weka kwenye bomba lenyewe uje useme.

Nimeweka. Imenata. 😶

Fundi wa Majengo: Pole mdogo wangu. Sasa unaweza kubebea mahindi.