Mitufaha ya zamani huku Minnesota, aina gani inahimili winta?

mama_zawadi: Wakuu habari za wikiendi. Nipo St. Cloud, nina kauwanja nyuma ya nyumba nataka mitufaha ya kizamani, siyo haya ya supamaketi sukari tupu. Mwaka juzi nilipanda Cox's Orange Pippin, ikapita winta, mwezi wa nne nakuta gome limepasuka upande mmoja tu toka juu mpaka chini, mti ndo basi tena. Muuzaji eti sikumwagilia! Nipande nini sasa?

babu_shamba: Pole dada. Cox ni ya Uingereza, hizo -30 zenu haiziwezi. Tafuta Wealthy, ni ya hapohapo kwenu, mkulima Peter Gideon aliiotesha mjini Excelsior, Minnesota, miaka ya 1860 huko baada ya baridi kumuulia miti karibu yote, akaipa jina la mkewe. Ina uchachu wake na kwa pai ni balaa. Duchess of Oldenburg ya Urusi nayo ngumu ila matunda hayakai, ukichuma upike.

fundi_kubebesha: Jina la tunda halitoshi, uliza mche umebebeshwa kwenye shina gani, yaani kikonyo cha aina unayotaka kimeunganishwa na mizizi ya mtufaha gani. Antonovka mizizi yake haijali baridi ila mti unakuwa mkubwa na unasubiri miaka ndo ule tunda. Ukiwa na haraka chukua shina la Bud 9, mti wake mfupi, lakini uufunge kwenye nguzo maisha yake yote. Na usipande mbegu ya tufaha ulilokula, haitoki kama mama yake.

kijana_wa_snow: @fundi_kubebesha mbona huyo Gideon alitumia mbegu??

fundi_kubebesha: Alipanda mbegu kibao miaka na miaka mdogo wangu, hiyo ndo iliyotoka. Dada ana uwanja, hana shamba.

babu_shamba: Halafu huo mpasuko, ni kusini-magharibi siyo? Hilo ni jua. Februari mchana linapasha gome linaamka, usiku inaganda, linapasuka. Paka shina rangi nyeupe ya maji kabla ya winta. Na zungushia wavu wa chuma wa matundu madogo, uuzamishe kidogo ardhini, panya wanatafuna gome chini ya theluji huwaoni hata siku moja.

mama_zawadi: Ndiyo babu, upande huohuo! Asante. Mmoja tu utazaa? Jirani ana ule wa mapambo wenye vitufaha vidogo vichachu.

fundi_kubebesha: Huo wa jirani unatosha kabisa kuuchavusha wako, mradi vichanue pamoja na nyuki wapite.