Yule MC wenu jana amenifikisha mwisho: jezi ya njano ya Red Sox, timu yetu ya besiboli ya Boston, SI sare ya sheli!

Njano617 (mleta uzi), Septemba 2025

Wakuu, sijalala. Ni saa tisa usiku, Lowell nzima imezima taa, mimi nipo jikoni vidole vinatetemeka. Mods mkitaka kufuta futeni kesho, leo niacheni niseme.

Mnamjua. Simtaji jina. Sherehe yoyote ya Massachusetts hii ikiwa na spika mbili na sufuria la pilau, MC ni yeye, awe amealikwa au hajaalikwa. Kofia ya Yankees, wale wapinzani wetu wa New York, haimtoki kichwani. Kanisani anayo. Msibani anayo. Nina hakika hata picha ya pasipoti alipigwa nayo na uhamiaji wakashindwa kumvua.

Jana kulikuwa na ubatizo. Nimetoka kazini moja kwa moja, nikavaa jezi yangu ya njano, maana msimu unaisha na kila mechi roho iko juu. Timu ipo Tampa, inachezea uwanja wa mazoezi wa Yankees wenyewe, kwa sababu paa la Tropicana, uwanja wa wenyeji wetu, lilichanwa na kimbunga Milton mwaka jana. Yaani mpaka kwenye viwanja hawa watu wanatufuata. Jezi imefuliwa, imenyooshwa, lile bango la 617 begani linasomeka kutoka mlangoni. Nikasalimia wazee. Nikamwamkia mama mkwe, ametoka Moshi juzi tu, na ndiyo mara ya kwanza ananiona mbele za watu. Nikakaa meza ya nyuma kistaarabu. Sahani yangu ilikuwa bado haijafika.

Mtu akashika maiki.

"Ndugu zangu, yule kijana wa sheli aliyekaa meza ya nyuma, akimaliza kula aje nje anijazie tenki."

Ukumbi mzima, wakuu. UKUMBI MZIMA. Spika zile zinasikika mpaka New Hampshire. Watoto waliokuwa wanacheza nje waliingia kuja kumwangalia huyo wa sheli. DJ akapiga honi. Halafu nikageuka, nikamwona padri. Padri aliyembatiza mtoto saa mbili zilizopita, mafuta matakatifu bado yako kidoleni. Ameshika tumbo, anacheka!

Sheli gani? Ile njano na bluu ni rangi za Boston Marathon. Ilivaliwa mara ya kwanza Aprili 2021, wikendi ya Patriots' Day, sikukuu ya huku ya siku ya marathoni, na ndiyo ilikuwa jezi ya kwanza kabisa ya City Connect, zile jezi maalumu za kuenzi mji wa timu, kwenye ligi nzima. 617 ni namba ya eneo ya simu za mji, imewekwa kama namba anayobandika mkimbiaji kifuani. Mji huu ulipigwa mabomu kwenye mstari wa kumalizia pale Boylston, Aprili 15, 2013, watu 3 wakafa. Siku tano baadaye Red Sox waliingia Fenway, uwanja wetu wa nyumbani, na jezi nyeupe zilizoandikwa Boston badala ya jina la timu, na mchezaji wetu David Ortiz akashika maiki akaongea mpaka watu wazima wakalia. Maiki inatumika hivyo! Mwaka ule ule tukabeba World Series, yaani ubingwa wa ligi. Sasa mtu anachukua rangi za mji huo, mbele ya mama mkwe wangu, ananiagiza mafuta.

Na asijifanye mtakatifu wa mistari. Sawa, Yankees hawana City Connect, mistari yao ni tangu 1915, majina mgongoni hawaandiki. Heshima yao. Lakini Agosti 2019 kule Los Angeles, ile wikendi ya wachezaji, walivaa nyeusi tii kuanzia kofia mpaka suruali, Dodgers, timu ya huko, weupe pe. Mbona siku ile hakutangaza msiba kwenye maiki? Na mwaka huu tumekutana nao mara 13, tumewapiga mara 9. Tisa! Hilo hakulitangaza.

Ila hata hayo ningemsamehe. Kinachoniuma mimi ni yule padri. Kila nikifumba macho naona padri ameshika tumbo. Na baada ya pale, naenda kunawa mikono, mzee mmoja ninayemheshimu sana ananishika bega: "Mwanangu, leo lita ni shilingi ngapi?" Naenda kuchukua soda, binti wa miaka kama saba ananiuliza kama nina dizeli. Nimeondoka kabla ya keki.

Naomba kamati ya jumuiya imnyang'anye maiki huyu mtu mpaka World Series iishe. Nimemaliza.

---

Kijiwe_cha_Lynn
Nimevuta kiti. Mtoa mada endelea.

Dada_Mwenye_Khanga
Mimi nilikuwepo. Kwa haki ya Mungu kilichekesha. Na mama mkwe wako ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza.

Njano617
Dada, mama HAKUCHEKA. Alipaliwa na soda. Ni vitu viwili tofauti.

Dada_Mwenye_Khanga
Alipaliwa dakika kumi?

Mistari1915
Uzi mrefu hoja hakuna. Hiyo njano yenu tunaijua. Septemba 2021 mlishinda mfululizo mkiwa nayo, mkakataa kuivua, mkasema ina baraka. Halafu Yankees wakaja Fenway wikendi moja wakabeba zote tatu. Stanton wetu alipiga ile homurani, pigo la kutoka nje ya uwanja, la mbio nne, mpira nadhani bado unatafutwa. Baraka zilienda wapi?

Njano617
Na Oktoba 5 mwaka ule ule mbona unairuka? Waildikadi, mechi moja ya kufa na kupona, hapo hapo Fenway. Bogaerts wetu kampiga mrushaji wenu Gerrit Cole homurani inningi ya kwanza, watu hawajakaa vizuri. 6-2. Mkapanda basi mkarudi kwenu. Wote tulimaliza msimu na ushindi 92, mwenye kwenda mbele akawa mmoja. Kamwambie na rafiki yako wa maiki.

Mistari1915
Sisi tuna makombe 27. Ongea tena.

Njano617
La mwisho lini? 2009. Yule mtoto aliyebatizwa jana baba yake alikuwa shule ya msingi.

Fundi_Bomba_Brockton
Mwaka jana fainali na Dodgers mlikuwa mnaongoza 5-0 mechi ya tano nyumbani kwenu, mkafungwa. Cole kasimama anaangalia mpira, kituo cha kwanza hakina mtu. Mtu aliyeona mechi ile asishike maiki popote.

Mjomba_wa_Newark
Msimlaumu sana huyo jamaa. Kabla ya kuhamia huko alikaa huku kwetu New Jersey miaka mingi. Huku sheria inakataza mtu kujijazia mafuta mwenyewe, lazima ujaziwe. Kila akiona njano anashusha kioo cha gari.

Kijiwe_cha_Lynn
Mjomba umeua 😂😂 Mods pandisheni uzi huu juu.

Mnyama_Daima
Mimi nina swali moja tu kwa mleta uzi. Wewe si Simba lialia? Msimbazi damu? Leo hii umevaa NJANO hadharani, na jezi mpya waliyotoa Mei, ile ya kuuenzi ukuta wa Fenway, ni KIJANI. Njano na kijani. Unajua hizo ni rangi za nani Tanzania?

Njano617
Usichanganye mambo. Huku ni besiboli.

Mnyama_Daima
Sichanganyi. Red Sox ni wekundu, nikahamia Boston nikasema Mungu amenipa Simba nyingine. Kufika hapa nakuta wanavaa njano, nikavumilia. Wakaleta kijani, nikazima TV. Mimi siivai hata mkinipa bure na mchele juu. Septemba ya lala salama mtu unavaa rangi yako ya kuzaliwa, nyekundu na nyeupe, basi.

Jangwani_Worcester
Ubingwa wa bara mara nne mfululizo umewaumiza mpaka mnakimbia rangi Marekani. Mleta uzi karibu nyumbani, kadi ya uanachama nitakulipia.

Njano617
Jamani mada ni MC. Padri alicheka. Hakuna anayeliona hilo?

Kip_wa_Lowell
Sasa nyinyi Watanzania mnagombania njano ya nani? Hiyo njano ni ya Wakenya na mnajua. Ibrahim Hussein alishinda marathoni ya Boston 1988, Mwafrika wa kwanza. Cheruiyot mara nne. Mama Catherine Ndereba mara nne. Hii Aprili John Korir na Sharon Lokedi wamebeba zote mbili, Sharon na rekodi ya njia juu. Oktoba 11, 2021 Benson Kipruto alishinda marathoni, na jioni hiyo hiyo Red Sox wakaitoa Tampa 6-5 hapo Fenway. Mimi ile jezi naivaa kama ya nyumbani. Mtu akiniita wa sheli namwambia nionyeshe medali ya kwenu.

Mwana_wa_Dodoma
Hussein 1988 alishinda kwa SEKUNDE MOJA. Nani alikuwa nyuma yake? Juma Ikangaa. Mtanzania. Akarudi 1989 wa pili, 1990 wa pili. Mitaa ile imelowa jasho letu. Na Aprili hii nyuma ya Korir wenu alikuwa Alphonce Simbu.

Kip_wa_Lowell
Wa pili, wa pili, wa pili, wa pili. Kaka hiyo ni orodha ya nini?

Mwana_wa_Dodoma
Na wiki iliyopita Tokyo je? Simbu bingwa wa DUNIA, sekunde 0.03 mbele ya Mjerumani. Wenu alikuwa wapi? Nyamaza.

Jangwani_Worcester
Dodoma shusha kiwango 🇹🇿🇹🇿 Hapa wote Simba na Yanga tunasimama pamoja.

Njano617
Sawa, hongera Simbu, nililia na mimi. Lakini turudi. Mtu ameshika maiki kwenye ubatizo...

Chui_wa_Detroit
Ndugu yangu unalia jezi, una bahati. Sisi Detroit Julai tulikuwa mbele ya Cleveland kwenye msimamo kwa mechi 15 na nusu. KUMI NA TANO NA NUSU. Nilishachukua likizo ya Oktoba. Sasa hivi nikisikia simu inalia najua ni shemeji yangu wa Cleveland, siipokei. Jezi yetu ya City Connect ina alama za tairi, tuiteni sheli, gereji, tuiteni chochote, mradi mtu atupe ushindi mmoja. Sijala tangu Ijumaa.

Fundi_Bomba_Brockton
Pole Chui. Na wiki ya mwisho mnakuja Fenway. Sisi tukitoka Toronto tutakuwa na njaa.

Chui_wa_Detroit
Najua. Nimeona ratiba. Niacheni.

Mama_Tatu_Malden
Mnaongelea rangi, mimi nimekumbuka zile suruali za wachezaji za 2024. Mmesahau? Unaona mpaka shati lilivyochomekwa ndani. Nilikuwa naangalia mechi na baba mkwe sebuleni, mzee akainuka akaenda kulala saa moja jioni bila kuaga. Hayo ndiyo ya kulalamikia. Njano angalau inasitiri.

Dada_Mwenye_Khanga
😂😂😂 Baba mkwe maskini.

Mistari1915
Yankees suruali zetu zilikuwa na mistari, tulisitirika.

Mama_Tatu_Malden
Mistari mbele, mwanga nyuma. Kaa kimya.

Njano617
Kwa hiyo hakuna hata mmoja wa kuniunga mkono kuhusu maiki? Nimeomba kamati. Nani yupo kamati humu?

Katibu_Mstaafu
Kamati tumesoma. Kwa vile umetaja kamati, mchango wako wa ukumbi wa jana bado haujaonekana. Wewe na wengine, majina ninayo.

Kijiwe_cha_Lynn
Uzi umegeuka 😂

Mjomba_wa_Newark
Katibu mnyime risiti, mpe ya mafuta.

Jangwani_Worcester
Katibu, kabla ya michango tuongelee pilau. Nilifika saa kumi na mbili, naambiwa limebaki la watoto. Watu wamebeba kwenye mifuko mchana kweupe. Nimeona mtu na mifuko miwili anaelekea kwenye gari, mwingine mguu wa mbuzi mzima umefungwa kwenye foili.

Mnyama_Daima
Yanga kwa kulalamika hamjambo. Sisi tulifika saa tisa tukala.

Dada_Mwenye_Khanga
Kwenye mifuko tusiwasingizie watu. Mimi naulizia hotpoti yangu ya bluu, mfuniko una sikio moja limevunjika. Niliipeleka na sambusa, imerudi hewa. Ni ya mama yangu ile.

Mama_Tatu_Malden
Hata mimi sinia langu kubwa halipo. Kila shughuli sinia linapotea, halafu ukienda kwa mtu unalikuta linaanikia dagaa.

Kip_wa_Lowell
Hotpoti ya bluu iko kwangu. Nilipewa na mtu mlangoni akisema peleka kwa wenyewe. Iko na pilau ndani.

Jangwani_Worcester
PILAU? Kip, wewe ndiye wa ile mifuko?

Kip_wa_Lowell
Nimesema nilipewa.

Dada_Mwenye_Khanga
Usile, nakuja kuichukua leo baada ya misa.

Kip_wa_Lowell
Dada ukuje mapema, watoto wameshaamka.