Nilimwahidi binti "hakitoki humu ndani", sasa natakiwa nikitoe

Mnasihi Mchanga

Wakuu, naomba msaada wa haraka, nina saa chache tu.

Nina miezi mitano kazini kama mshauri nasaha. Leo asubuhi nilikuwa na binti wa miaka 14, kikao cha tatu. Vikao viwili vya mwanzo alikuwa akijibu "sijui" huku akiangalia viatu vyake. Nikaona nimtoe woga, nikamwambia: "Chochote utakachosema hakitoki humu ndani." Nikajiona fundi. Dakika kumi baadaye akapandisha mkono wa sweta. Alama za waya, nyingine mbichi, nyingine za zamani. Anayempiga ni baba wa kambo, na juzijuzi alimfungia chumbani kutwa nzima. Kisha akanikazia macho: "Umesema hakitoki."

Sheria ya hapa nilipo inawataja washauri moja kwa moja: ukishuku mtoto anaumizwa, unaripoti. Hilo nalijua, nililifanyia mtihani. Lakini ile ahadi ina uzito gani? Nisubiri nipate uhakika, maana sijaona kwa macho yangu akipigwa? Nimwite mama yake kwanza? Na nikimweleza bosi wangu, nimemaliza?

Binti atapita kwangu tena saa tisa kabla ya kurudi nyumbani. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha asitambulike.

Bi Msimamizi

Mdogo wangu, umekosea, lakini kosa halikuanza leo. Limeanza kikao cha kwanza. Mipaka ya usiri husemwa kabla mteja hajafungua mdomo, na mtoto huambiwa kwa lugha yake: "Mengi yanabaki kati yetu. Ila nikisikia kuna anayekuumiza, au unataka kujiumiza, au kumuumiza mwingine, nitatafuta watu wa kutusaidia, na wewe nitakuambia kwanza." Fomu ya ridhaa haitoshi. Wanaosaini hawaisomi, hata watu wazima.

Ahadi uliyotoa hukuwa na mamlaka ya kuitoa, kwa hiyo kisheria haikuzuii kitu. Deni lake kwa binti ni jambo jingine, na hilo utalilipa wewe mwenyewe saa tisa.

Uhakika hauhitaji. Kinachotakiwa kwa kawaida ni shaka yenye msingi, na kuchunguza si kazi yako. Usimhoji zaidi. Swali kama "alikupiga na waya, siyo?" linambebea jibu, na kesho keshokutwa wakili wa upande wa pili atalishikilia hilohilo. Andika sasa hivi maneno yake kama alivyoyasema, tarehe, saa, na alama umeziona sehemu gani ya mwili. Unavyomfikiria baba wa kambo baki nayo moyoni. Na tafadhali, usimpige picha kwa simu yako.

Mama usimpigie. Hujui amesimama upande gani, na habari ikitangulia kufika nyumbani, atakayeilipia usiku huo ni mtoto. Wenye kazi ya ulinzi wa watoto ndio wataamua mzazi aambiwe lini. Ripoti itoke leo, asilale tena huko bila mtu mwenye mamlaka kujua.

Tuseme Ukweli

Mimi napinga. Mtoto amekuamini wewe, hakuwaamini polisi. Ukiripoti, baba atakana, mama atamtetea mumewe, na binti atarudi nyumba ileile akiwa na jina la mchongezi. Hatafungua mdomo tena kwa yeyote. Mjenge kwanza, mpe wiki kadhaa.

Niliyeripotiwa

Tuseme Ukweli, unayosema hutokea, sikatai. Nilikuwa mtoto huyo, miaka 13. Mtu mzima niliyemwambia aliripoti na alifanya sawa, hizo wiki zako kadhaa sijui zingenikuta wapi. Kilichonichoma ni kwamba hakuniambia. Niliitwa nje ya darasa, nikakuta watu wawili nisiowajua wana daftari lenye maneno yangu. Nilimchukia yule aliyeripoti miaka mingi kuliko aliyekuwa akinipiga.

Mleta uzi, mwambie wewe. Mwambie ulikosea kuahidi, usijifiche nyuma ya "sheria inanilazimisha". Halafu mwachie vitu vya kuchagua, hata vidogo: abaki chumbani unapopiga simu au akae nje, aeleze yeye au ueleze wewe. Lakini kuripoti au kutoripoti usimpe achague. Huo si mzigo wa mtoto.

Wakili Mvivu

La bosi: katika sheria nyingi wajibu ni wa aliyesikia mwenyewe. Bosi akiikalia taarifa, wewe hujaripoti. Piga simu, andika umezungumza na nani na saa ngapi. Anayeripoti kwa nia njema kwa kawaida analindwa hata uchunguzi usipokuta kitu. Anayenyamaza ndiye anayejiweka pabaya, kwa sheria na kwa leseni yake.

Wajibu huu wenyewe si wa kale. Mwaka 1962 daktari Henry Kempe na wenzake walichapisha makala kuhusu watoto wanaofikishwa hospitali na mifupa iliyovunjika huku maelezo ya wazazi hayaendani na majeraha. Kufikia 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kuripoti. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 19, nao unazitaka nchi ziwe na njia za kutambua, kuripoti na kuchunguza ukatili dhidi ya watoto.

Na wanaodhani usiri hauna mwisho hata kwa watu wazima waisome kesi ya Tarasoff. Mwaka 1969 Prosenjit Poddar alimweleza mwanasaikolojia wake huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwamba atamuua msichana fulani. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo, wakamshika, wakamwona timamu, wakamwachia. Tatiana Tarasoff mwenyewe hakuonywa, na Oktoba mwaka huohuo Poddar akamuua. Mahakama ya Juu ya California mwaka 1974 ilizungumzia wajibu wa kuonya. Mwaka 1976 ikaupanua ukawa wajibu wa kumlinda anayetishiwa, kuonya ikiwa njia mojawapo. Watu hunukuu ya kwanza na kuisahau ya pili.

Kalamu Nyekundu

Nadandia uzi. Mteja wangu ana miaka 40, aliumizwa na mjomba utotoni. Hataki kushtaki. Ila mjomba sasa anaishi na wajukuu wadogo.

Bi Msimamizi

Kalamu, habari ya utoto wake ni yake, yeye ndiye mwenye kuamua. Hao wajukuu ndio wanaobadilisha hesabu, na hapo sheria hutofautiana sana. Waulize wanasheria wa chama chenu, au ofisi ya ulinzi wa watoto, bila kutaja jina la mteja. Ila usikae nalo peke yako.

Mchanga, nilisahau moja: usiri haujafa kwa sababu umeripoti. Toa yanayohusu usalama wake tu. Kama alikuambia pia hampendi mwalimu wa hesabu, ofisa hana haja nalo.

Mnasihi Mchanga

Mrejesho, wakuu.

Nilimwambia kabla hajakaa. Akaniita mwongo, akalia. Sikujitetea, maana ni kweli. Akachagua kubaki chumbani, lakini akageuza kiti akaangalia ukuta. Nikapiga simu. Nilipofika kwenye siku aliyofungiwa nikasema Jumapili. Sauti ikatoka ukutani: "Jumamosi."

Ofisa alifika kabla ya saa kumi na moja. Leo analala kwa bibi yake wakati wanafuatilia. Kikao chetu cha Alhamisi hajakifuta, ingawa hajasema atakuja.

Bi Msimamizi, ile "wewe nitakuambia kwanza" nimeiiba.