Nifanyeje nirudishe raha ya kusoma riwaya? Nina mpaka Jumamosi

Mtu wa Tandika: Habari za jioni wakuu. Nilikuwa msomaji hasa. Darasa la sita nilisoma mpaka koroboi inakauka mafuta. Siku hizi nikishika riwaya, ukurasa wa tatu nimeshachukua simu. Na tangu nifanye mtihani wa kidato cha sita, kila hadithi naisaka dhamira, ujumbe na tamathali za semi, kama vile kesho naingia chumba cha mtihani. Naomba mbinu za kuipata ile raha kabla ya Jumamosi. Matusi sitaki.

Mchumia Juani: Zima data. Uzi ufungwe.

Mzee wa Reli: Kijana, umenikumbusha mbali. 1980 pale Tabora tulikuwa tunaazimana kitabu cha yule jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, kila mtu usiku mmoja. Zamu yangu ikaangukia safari ya treni kwenda Kigoma. Kufika mwisho, kurasa zimechanwa! Nilishuka stesheni nauliza abiria kama kuna aliyekimaliza. Dhamira hatukuijua. Tulitaka kujua kama Willy anatoka mzima.

Mama Abuu: Vijana mnabeti usiku kucha, akili ya kusoma itoke wapi? Kwanza uswali.

Binti Makorora: Kaka, kwa nini Jumamosi?

Mtu wa Tandika: Mambo ya familia tu dada.

Binti Makorora: Basi na sisi tukupe nusu ushauri.

Mtu wa Tandika: Haya. Marehemu baba aliacha sanduku la vitabu, kama sitini hivi. Jumamosi anakuja mnunuzi wa vitabu vya mtumba. Nilitaka nisome hata kimoja kwanza, nijue nauza nini.

Binti Makorora: Hela yake umeshapokea?

Mtu wa Tandika: Kishika uchumba tu, elfu ishirini. Msinihukumu. Nimepanga chumba kimoja, mimi, mke na mtoto. Sanduku liko uvunguni, mchwa wameshaanza. Kaka mkubwa karidhia. Na kitabu kisichosomwa kinamsaidia nani?

Mama Abuu: Dada zenu wanajua? Hayo ni mali ya mirathi, mwanangu.

Kijiba cha Roho: Hii chai. Alianza na raha ya kusoma, sasa sanduku la urithi, kesho atabandika namba ya michango. Kama lipo, lifungue sasa hivi utuambie cha juu kabisa ni kipi na kikoje.

Mchumia Juani: Chai naiona, vitafunwa nakuja navyo.

Mtu wa Tandika (saa 3:05 usiku): Cha juu ni Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla. Jalada halipo. Ngoja kidogo.

Mzee wa Reli: Yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake! Hicho kilitoka 1960. Kijana, hicho usiuze.

Kijiba cha Roho (saa 5:20 usiku): Kimya. Si nilisema?

Mtu wa Tandika (saa 8:10 usiku): Nipo. Pembeni mwa kurasa baba ameandika kwa penseli. Mahali pamoja ametaja jina la anayemshuku, akapigia mstari. Mbele huko kalikata, kataja mwingine. Halafu naye kamkata, kaandika "Nimedanganywa tena." Baba yangu alikuwa karani wa bandari, mtu wa hesabu, nyumbani hakuna aliyethubutu kumwambia amekosea. Sikujua alikuwa anakaa peke yake anabahatisha hivi. Na mimi nimeanza kuandika wangu chini ya wake.

Binti Makorora: Rudisha hiyo elfu ishirini kaka.

Mtu wa Tandika: Nimeshalipia umeme dada. Na mchwa bado wapo.

Kijiba cha Roho: Haya nimeamini. Muuaji ni nani?

Mtu wa Tandika: Sijafika. Ila mnunuzi katuma ujumbe, anasema gari amepata mapema, anakuja Ijumaa.